Sukuma za gunia na mbolea ya polepole: maswali yenu

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Niko na magunia ya sukuma hapa juu ya ploti Kayole, na kila nikiona majani yameanza kuwa ya njano naweka mbolea ya CAN, yanakuwa kijani kama wiki mbili halafu yanarudi vile vile, nikizidisha nayo yanaungua kwa kingo. Kijana wa agroveti ananiambia ninunue ile ya punje za kung'aa inayotoa chakula polepole, lakini bei ni mara kadhaa ya CAN. Ni ukweli ama anataka tu pesa yangu? Mama Kevo.

JIBU: Mzuri sana Mama Kevo. Hapo kijana amekwambia ukweli, na kwa gunia ndio ukweli zaidi kuliko kwa shamba. CAN iko na naitrojeni, kile chakula kinachofanya majani yawe kijani, kama asilimia 26 ama 27, na nusu yake ni nitreti, ambayo udongo hauwezi kuishika kabisa, inafuata maji yanapoenda. Angalia ile maji ya kahawia inatoka chini ya gunia ukimaliza kumwagilia na kutiririka kwa sakafu, mbolea yako iko hapo ndani. Ile nusu ingine ni amoniamu, hiyo udongo unaishika kiasi, lakini bakteria wanaigeuza kuwa nitreti baada ya siku si nyingi na inaenda njia hiyo hiyo. Ndio maana sukuma yako leo imeshiba mpaka inaungua na wiki mbili baadaye iko njaa.

Sasa hizo punje za kung'aa zimevalishwa ganda nyembamba la polima, yaani aina ya plastiki. Mvuke wa maji unapenya ganda, mbolea inayeyuka ikiwa ndani, halafu inatoka kidogo kidogo kwa udongo. Kinachoamua mwendo sanasana ni joto. Paketi ikisema miezi 3 mpaka 4, hapo wamehesabu udongo wa nyuzi kama 21 hivi, kwa hivyo hii baridi yetu ya Julai itaivuta ikae zaidi, na gunia leusi linalopigwa jua la Februari juu ya paa litaimaliza mapema. Hapo ndipo nakuomba sana usinunue ile imepimwa kwa karatasi ya nailoni bila lebo, hata kama muuzaji ni rafiki yako, kwa sababu kuna ya miezi 3 na kuna ya miezi 8 na 9 na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwa magunia machache mimi ningenunua paketi moja ndogo, ya miezi michache, nichanganye na udongo wa juu pamoja na samadi iliyooza vizuri. Lakini usiitegemee kwa ile njano iko saa hii, hiyo haiwezi kungoja. Weka kwanza CAN kidogo, kifuniko kimoja cha soda kwa gunia zima, mbali na shina, ufunike na udongo na umwagilie polepole, uache kabla maji hayajaanza kutoka chini. Na uhakikishe ni njaa ya naitrojeni kweli: inaanza na majani ya zamani ya chini. Kama ni yale machanga ya juu yana njano na ya chini yako sawa, shida ni ingine na hii mbolea haitakusaidia.

SWALI: Nilinunua maua kwa hawa wa miche wa Ngong Road, nikihamisha kwa chungu kikubwa nikakuta punje za mbolea bado ziko mzima kwa mizizi. Nikajua haijafanya kazi nikaongeza zingine, sasa ncha za majani zinakauka. Msomaji, Kawangware.

JIBU: Pole. Ganda huwa linabaki hata chakula kikiisha, hata kwa muda mrefu. Chukua punje moja uifinye kwa vidole: ikitoa maji tu na kubonyea, hiyo imeisha, ikiwa ngumu katikati bado iko na kitu. Toa zile uliongeza, zile utaona, halafu mwagilia maji mengi yapite chini ya chungu mara mbili tatu ndio chumvi iondoke. Na watu wanaosaga hizi punje ndio zifanye haraka, tafadhali wacheni, ganda likipasuka mmea unapata yote siku moja.

SWALI: Niko Utawala kwa udongo mweusi, napanda mahindi robo eka. Naweza kutumia hiyo ya polepole badala ya yuria? Na nasikia India wanapaka yuria mwarobaini, nifanye hivyo? Baba Wanza.

JIBU: Kwa mahindi hapana, gharama haitarudi. Hizi za maganda ni za vyungu, miche, nyasi za uwanja na maua. Hata ile ya ganda la salfa, ambayo Marekani waliitengeneza miaka ya 1960 wakitafuta ya bei nafuu, ganda lake huwa na nyufa na punje zingine zinaachilia yote mara moja. Ya India ni kweli, tangu 2015 serikali yao ilitaka yuria yote ya ndani ipakwe mafuta ya mwarobaini, na kazi yake ni kuchelewesha bakteria wanaotengeneza nitreti. Lakini yuria iko na asilimia 46 ya naitrojeni na ukiimwaga juu ya udongo kukiwa na jua sehemu yake inapaa kama amonia, na mwarobaini hauzuii hiyo. Kufukia ndio kunazuia, sentimita 5 hivi. Udongo wako nao ukituamisha maji mvua ya Aprili, bakteria wanaigeuza nitreti kuwa gesi, kwa hivyo chimba mitaro kwanza, halafu gawa yuria mara mbili, mahindi yakifika magoti na tena kabla hayajatoa mbelewele, na usiweke siku shamba limejaa maji.