Ukuta wa Mawe Ndani ya Tangi la Samaki: Usinunue, Jenga

Tangu niweke mtandaoni picha ya duboisi wangu jike, samaki wa Ziwa Tanganyika anayelea mayai mdomoni, akiwa na koo limefura na ukuta wangu wa mawe ya kuigiza nyuma yake, simu yangu haijatulia. Ujumbe ulionikalisha niandike ni wa kaka mmoja wa Mwanza. Ana tangi la futi sita, kaulizia bei ya ukuta wa nyuma kama wangu, katajiwa hela ya kununulia pikipiki iliyotumika. "Dada, wapi nitaupata kwa bei nafuu?"

Kaka yangu, huupati. Unaujenga.

Kwa nini mtu atake ukuta wa mawe ndani ya tangi sitaeleza, maana wewe unayesoma hapa ama unalo tangi kubwa ama unaliota. Ila nitasema kilichonisukuma mimi. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika nimewaona kwenye mawe ya rangi ya kutu, maji maangavu, kabla sijajua kwamba wanapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Nilipohamia Dar nikaingia duka moja la samaki, nikaulizia vifaa vya kujengea ukuta. Muuzaji akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba: "Dada, chukua samaki wa dhahabu wawili na bakuli. Hizo kuta ni mambo ya Wazungu."

Mambo ya Wazungu! Samaki wa kwetu, mawe ya kwetu, halafu mtu wa Berlin akiyaigiza sebuleni kwake ni mtaalamu, mimi wa Tabata nikitaka ni kichekesho. Iliniuma, na bado inaniuma. Tulipovunja kikoba mwisho wa mwaka, wenzangu walinunua makochi. Mimi nilikwenda kwa fundi vioo. Mume wangu aliambiwa baadaye, na kwa mafungu.

Tangi langu ni sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Likijaa pomoni ni lita 648, na kila lita ni kilo moja. Weka na kioo cha milimita 12, umevuka kilo 700 kabla ya jiwe hata moja. Kwa hiyo kupanga mawe halisi toka chini mpaka juu futa akilini. Wapo samaki wanaochimba mchanga, jiwe la chini linakosa pa kukalia, la juu linaangukia kioo. Mawe machache halisi ya mbele yawekwe moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, mchanga umwagwe baada yake.

Ukuta wenyewe ni povu gumu jeupe, lile linalokuja kwenye maboksi ya friji na TV, lililopakwa saruji. Vipande nilivishikiza kwa vijiti vya mishikaki, nikachonga kwa kisu. Kisha, na hapa ndipo sura ya jiwe inapopatikana, nikamegua kwa vidole. Povu lililokatwa linafanana na keki, lililomeguliwa linafanana na jiwe. Chongea nje, siku isiyo na upepo. Mama mkwe alizikuta zile punje nyeupe kwenye mchele wakati anapeta, na mpaka leo akija kwetu anapeta mara mbili.

Sasa sikiliza vizuri. Povu linaelea. Ukuta wangu ulikula kama lita 80 za povu, na hizo zikizama zinasukumwa juu kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Mfuko wa saruji una kilo 50, fikiria mwenyewe. Ile saruji unayopaka juu haitoshi kulituliza. Shemeji yangu ni fundi ujenzi na hukosoa mpaka chapati, aliposikia nahangaikia ukuta kuelea alicheka, "Shemeji, lini umeona jiwe linaelea?" Nikampa kipande kilichokwisha kupakwa na kukauka, nikamwambia akizamishe kwenye ndoo. Kilimponyoka, maji yakamrukia usoni. Hajacheka tena.

Kinachoushikilia ni silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo. Chukua ile isiyochanganywa dawa, inayonuka siki wakati inakauka, na soma maandishi: ikiwa imeandikwa inazuia ukungu wa bafuni, iache, dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Futa kioo kwa spiriti. Laza tangi chali, gandisha povu kwenye kioo cha nyuma na sakafuni, pandisha matofali juu yake mpaka silikoni ikauke kabisa. Gundisha kwanza, saruji ifuate, kwa sababu silikoni haishiki penye vumbi la saruji. Ukingo wa juu wa ukuta uingize chini ya mikanda ya kioo inayozunguka mdomo wa tangi. Hapo hata silikoni ikichoka, mkanda utausaidia.

Saruji mkono wa kwanza iwe nyepesi kama uji, ipakwe kwa brashi, iingie kila kitundu. Mkono wa pili mzito, wa tatu mzito zaidi. Kwenye mikono ya mwisho nilichanganya ile rangi nyekundu ya unga ya sakafu za zamani, kidogo tu, na nyeusi kwenye mashimo ili yaonekane na kina. Saruji isikauke kwa pupa: joto la Dar litaipasua. Inyunyizie maji, ifunike kwa gunia bichi.

Halafu usubiri. Saruji mbichi inatoa chokaa, na chokaa inapandisha pH, kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, hadi kupita 10, ambayo hata samaki wa Tanganyika, waliozoea karibu 9, hawaiwezi. Jaza, acha, mwaga, jaza tena, pima. Ukiona maji ya tangi yamekaa siku kadhaa na kipimo hakipandi, saruji imetulia. Hapo ndipo uanze kulea bakteria wa chujio, wale wanaovunja amonia inayotokana na taka za samaki, kwa sababu amonia inakuwa kali zaidi pH ikiwa juu. Wiki zitapita. Majirani watakuuliza kama unafuga maji.

Na hapa niwaseme kidogo vijana wangu. Mnanitumia picha za tangi Jumatatu, Ijumaa mnaniuliza mbona samaki wanahema juu juu. Mnataka ukuta wa wikiendi. Subira mmeiacha kwa bibi zenu, halafu mnalaumu maji ya bomba. Saruji haina haraka na wewe, haijui kwamba una wageni Jumapili. Kama huwezi kusubiri, nunua hao samaki wa dhahabu.

Kona moja nyuma ya ukuta niliiacha wazi kwa ajili ya pampu, pana kiasi mkono wangu unaingia. Maji yanapita kwenye vipande vya bomba la PVC vilivyofunikwa kwa wavu wa plastiki wa dirishani. Usiache upenyo wowote ambao samaki ataingia nyuma, kwani akifia huko utamnusa kabla ya kumwona. Kingo za ukuta zilizojitokeza ziinamishe kidogo, kinyesi kidondoke chini kifuatwe na chujio.

Kaka wa Mwanza, swali moja. Kwa nini ukimbilie duboisi? Ninyi mna furu, samaki wadogo wa kwenye mawe, hapo hapo kwenye visiwa vidogo vya ziwa lenu. Wale ambao sangara hajawamaliza ni wazuri kuliko nusu ya samaki wangu. Yupo furu anayeitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, dume mwekundu mgongoni na njano ubavuni, aliyepewa jina la Mwalimu. Ukiamua kumfuga, zidisha muda wa kuloweka saruji, maana Ziwa Victoria halina maji magumu kama ya kwetu. Weka dume mmoja na majike kadhaa, na kila dume mwingine utakayemwongeza umchongee pango lake upande wa pili wa ukuta kabla hujafungua mfuko wa saruji.