Nionyesheni ngumi ikitua

Mmeuliza wiki hii ni mwongozaji gani wa filamu za mapigano aliye bora kuliko wote. Kwangu mimi ni Jackie Chan. Wengi wanamjua kama steringi tu, ilhali baadhi ya kazi zake bora aliziongoza mwenyewe.

Tazameni Police Story ya mwaka 1985. Pambano la mwisho linapiganwa ndani ya jengo la maduka huko Hong Kong, na vioo vinavunjika hadi mtazamaji anajikunyata. Kamera imekaa mbali kidogo, inatuonyesha mwili mzima, kichwa hadi nyayo. Ngumi inarushwa, inatua, aliyepigwa anakwenda chini, na yote tunayaona bila kukatiwa. Kisha Chan anaruka kutoka ghorofani, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza nayo hadi chini. Mikono iliungua kweli. Mruko huo anaurudia mara tatu kwa pembe tofauti, wala siyaiti hayo majivuno: anatupa nafasi ya kuyaamini macho yetu.

Filamu nyingi za siku hizi zinatunyima haki hiyo. Kamera inatikisika, picha inakatwa kabla ngumi haijafika, tunabaki kuambiwa na mlio kwamba mtu kapigwa. Hapo anafichwa nyota asiyejua kupigana, na mtazamaji anadharauliwa.

Sisemi kwamba kukata haraka ni kosa. Mad Max: Fury Road ya 2015 inakatwa kwa kasi kubwa, lakini mwongozaji wake, George Miller, alihakikisha jambo la kutazamwa linakaa katikati ya picha, hivyo jicho halihangaiki. Mhariri wake, Margaret Sixel, alipata Oscar, na aliistahili kabisa.

Anayemfuata Chan kwangu ni Chad Stahelski, mwongozaji wa filamu za John Wick ambazo steringi wake ni Keanu Reeves. Kabla ya kuongoza, ndiye aliyekuwa akimwigizia Reeves vipande vya hatari katika filamu ya The Matrix, na ujuzi huo unaonekana. Anamwacha Reeves apigane mbele ya macho yetu, ahangaike na risasi zilizomwishia, achoke, ahemewe. Ukiona shujaa anahema, unaanza kumhofia. Waongozaji wengi wanawapa mashujaa wao nguvu zisizoisha, halafu wanashangaa kwa nini hatushtuki.