Maswali Yenu: Methali za Waingereza kwenye anga la Nyanda za Juu

SWALI: Shuleni tulifundishwa methali ya Kiingereza kuwa anga likiwa jekundu jioni mchungaji afurahi, likiwa jekundu asubuhi ajihadhari. Huku kwetu Oktoba nzima jioni ni nyekundu. Niitegemee kupanga siku ya kupanda mahindi? Mkulima, Mbozi

JIBU: Usiitegemee. Uingereza mvua nyingi huingia kutoka magharibi, baharini. Jua likizama kwa wekundu, ni kwamba huko magharibi hewa ni kavu na hakuna mawingu ya kulizuia, na hewa hiyo ndiyo itakayowafikia kesho. Hata Mathayo 16 inataja dalili hiyo, kwa kuwa Palestina nako mvua hutoka baharini, magharibi. Mbozi mwezi Oktoba upepo hutoka kusini mashariki, na wekundu mwingi ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Unakodolea macho magharibi huku upepo unakupiga mgongoni!

Sikiliza utabiri wa Msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mvua ya kwanza ikinyesha, chimba uone unyevu umefika wapi. Unyevu usipofika sentimita 15, mbegu uliyoifukia sentimita 5 itachipua halafu ikauke.

SWALI: Waingereza husema anika hei (majani makavu ya kulishia mifugo) jua likiwaka. Nilikata majani ya Rhodes Machi jua lilipotoka, marobota yote yakaota ukungu. Nimekosea wapi? Mfugaji, Mafinga

JIBU: Methali haina kosa, ni ndugu ya ile yetu ya udongo uwahi ungali maji. Tatizo ni jua lenyewe. Kwao hei hukatwa Juni na Julai, urefu wa mchana ukikaribia saa 16 au 17. Kwetu urefu wa mchana haufiki saa 13 mwaka mzima, na jua la Machi ni la kuchungulia tu kati ya mvua mbili. Ukisubiri hadi Julai nako, majani yamekomaa na kubaki makapi yasiyo na protini.

Dawa ni kuyakata mapema. Machi lisha ng'ombe majani hayo yakiwa mabichi, ili machipukizi yaanze kutoa maua Mei mvua inapokatika. Hapo kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza kwa wembamba, geuza mara mbili kwa siku kwa siku mbili au tatu, na jioni yakusanye mafungu yasinywe umande. Kabla ya kufunga, katakata majani ya kujaa kiganja kimoja, tia kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandamana, bado hayajakauka. Sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lililo wazi juu na chini, hutoa robota la kilo 20 hivi. Ukitia mkono ndani ya robota baada ya siku chache ukakuta joto, lifungue papo hapo, maana hei mbichi huweza hata kujiwasha moto ghalani.

SWALI: Mwanangu kaambiwa "mbayuwayu mmoja haleti kiangazi" ni sawa na "kidole kimoja hakivunji chawa". Kweli? Mzazi, Makete

JIBU: Hapana. Kidole kinahusu ushirikiano. Mbayuwayu anaonya usiamini dalili moja. Tena hilo neno "kiangazi" linapotosha, afadhali "majira ya joto". Mbayuwayu wa Ulaya hurudi kwao Aprili, baridi ikiisha. Kwetu hufika Septemba au Oktoba, na wale wa buluu wanaozaliana kwenye mbuga ya nyasi ya Kitulo huja majira hayo hayo. Mtoto wa Makete akimwona mbayuwayu, kiangazi ndicho kinachoaga.