Uliza, Ujibiwe: Kabati Lisilo na Sakafu na Raha Nyingine za Ughaibuni

Barua za safari hii zinafanana. Mtu kaenda nchi ya watu, kaona kitu kidogo cha nyumbani, karudi nacho moyoni. Kabla ya kukinunua au kukitengenezesha, jiulize kinaegemea nini: ukuta, presha ya maji au volti. Kitu chenyewe huingia kwenye begi, hivyo vitatu haviingii.

Swali: Finland kila jiko nililoingia lilikuwa na kabati juu ya sinki. Ndani mna rafu za waya, chini hamna kitu. Sahani ikioshwa inapandishwa humo ikichuruza maji, mlango unafungwa, kazi imekwisha. Nataka fundi seremala anitengenezee. Nimwambie nini?

Jibu: Umechagua vizuri, kwa sababu kabati hili halidai umeme wala bomba. Lile la Kifini lilisanifiwa na Maiju Gebhard wa taasisi ya Työtehoseura mwaka 1944 na 1945. Alitaka kuondoa kazi mbili kwa mpigo, yaani kufuta vyombo kwa kitambaa na kuvihamisha kutoka kichanjani kwenda kabatini. Mahali pa kukaushia ndipo mahali pa kuhifadhia.

Upana ufuate sinki, kwa kawaida sentimita 60 au 80. Kabati likizidi beseni, matone yataangukia mezani, na hapo ndipo watu huweka trei chini yake. Trei ikisahaulika siku tatu inaota ukungu, na umerudi ulikotoka. Kina cha ndani kisipungue sentimita 28, maana sahani kubwa ya chakula ina kipenyo cha 26 au 27. Ukingo wa chini uwe sentimita 50 hadi 60 juu ya sinki, ili sufuria ndefu ipite na paji la uso lisigonge.

Rafu ya sahani ni fito mbili za kulala zilizoachana sentimita 12, na juu yake vijiti vya kusimama vyenye nafasi ya milimita 35 hadi 40 kati ya kimoja na kingine. Mabakuli yapewe milimita 55 au zaidi, la sivyo yatalaliana na katikati hapatakauka. Sisi tunashauri sahani zikae rafu ya chini na vikombe juu, kwa kuwa sahani ndizo zinazochuruza zaidi. Vikombe vyenye kishimo kwenye kitako viinamishwe kidogo. Vikilala sawa, kila kimoja kitabeba kijiko cha maji hadi jioni.

Waya uwe wa chuma cha pua. Ule uliovikwa plastiki hupendeza mwaka wa kwanza. Plastiki ikichubuka, kutu hutembea chini yake bila kuonekana, hadi siku itakapochora mstari wa kahawia kwenye sahani nyeupe. Vijiti vya mbao ngumu vya milimita 10 navyo vinafaa, mradi vichomoke vikaoshwe.

Ubavu wa kabati ndio unaokufa kwanza. Mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa hunywa maji kupitia ukingo wa chini, zikavimba na kupasuka. Tumia plaiwudi ya kustahimili maji au mbao halisi, na ule ukingo upakwe vanishi mara tatu. Mwambie fundi aukate mshazari, upande wa ndani ukiwa mrefu zaidi, ili tone lidondokee kwenye sinki badala ya kutambaa kuelekea nje. Juu, kwa nyuma, aache mwanya wa sentimita 1 au 2. Bila mwanya huo hewa haina pa kutokea, na vyombo vitanuka uvundo nyuma ya mlango mzuri.

Sahani 20 za kauri peke yake zinaweza kufika kilo 13. Ongeza vikombe, sufuria na kabati lenyewe, uone kwamba misumari miwili haitoshi. Lifungwe kwa skrubu nene zilizoingia kwenye tofali au kwenye nguzo ya ukuta, si kwenye plasta.

Swali: Nimehamia Marekani na birika langu la umeme la Uingereza, nikaliwekea adapta. Maji yanachukua muda wa kukatisha tamaa. Limeharibika?

Jibu: Ni zima kabisa. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti inabaki ileile. Kwenye kifaa cha kupasha moto, volti ikipungua nusu, nguvu inashuka hadi robo. Birika la wati 3,000 lililotengenezwa kwa volti 240 linatoa wati 750 tu kwenye volti 120. Kuchemsha lita 1 kutoka nyuzi 20 kunahitaji takriban kilojuli 335. Kwa wati 3,000 ni kama dakika 2, kwa wati 750 ni zaidi ya dakika 7.

Usihangaike na transfoma. Haizalishi nguvu. Ili ikupe wati 3,000 itavuta ampea 25 kutoka soketi ya volti 120, na swichi kuu ya njia hiyo itakatika kwenye 15 au 20. Nunua birika la huko la wati 1,500, chemsha maji ya vikombe unavyokunywa tu, utangoja kama dakika 4 kwa lita.

Anayesafiri kinyume ndiye mwenye hatari. Birika la wati 1,500 la volti 120 likichomekwa kwenye volti 240 litajaribu kuvuta wati 6,000. Litaungua kabla maji hayajapata vuguvugu.

Swali: Nimependa bomba la mkono la kujisafishia chooni kama la Thailand. Naweza kulifunga mwenyewe?

Jibu: Ndiyo, ukiwa na spana na nusu saa. Funga koki ya choo, vuta maji hadi tangi liwe tupu, fungua nati ya mpira wa maji. Funga kiungo cha njia tatu papo hapo, rudisha mpira wa tangi upande mmoja, wa bomba jipya upande wa pili. Pima kwanza nyuzi za kukazia nati: nusu inchi ndiyo ya kawaida sehemu nyingi, lakini si zote. Penye washa ya mpira usizungushe tepu nyeupe. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Tepu ni ya viungo visivyo na washa, na izungushwe kufuata upande nati inakokazwa.

Nunua kiungo chenye koki yake, na uifunge kila ukimaliza. Kichwa cha bomba hakikuumbwa kubeba presha usiku kucha. Mpira huvimba, ukapasuka nyumba ikiwa haina mtu. Kishikizo kiwe juu ya ukingo wa choo, tena mpira usifike ndani ya choo. Presha ya mtaa ikishuka, maji machafu yanaweza kufyonzwa kurudi bombani. Uingereza inaihesabu hatari hiyo daraja la 5, la juu kabisa, hivyo valvu ya kuzuia kurudi peke yake haikubaliki huko.

Swali: Dirisha langu la Kijerumani, lile linalofunguka kama mlango na pia kuinama, limeachia kona ya juu, linaning'inia! Nifanye nini?

Jibu: Mwite mtu alishike, kwani kioo cha tabaka mbili za milimita 4 kina kilo 20 kwa mita moja ya mraba. Mkono wa dirisha umeinuliwa juu likiwa tayari wazi, mitambo yote miwili ikaachia. Sukuma kona ya juu ya upande wa bawaba irudi kwenye fremu. Bonyeza kile kijichuma kwenye ukingo, karibu na mkono, ugeuze mkono uwe mlalo. Ndipo ufunge dirisha, mkono chini.

Swali: Je, tangi la choo la Kijapani lenye bomba la kunawia juu yake linafanyaje kazi, na maji yake ni safi?

Jibu: Ni maji safi yanayojaza tangi, yanapitia mikononi mwako kwanza. Yanatiririka tu wakati tangi linajaa, na ni baridi. Sabuni iwe ya maji na kidogo, kwa sababu mabaki ya sabuni ya kipande huganda kwenye valvu ya chini, choo kikaanza kuvuja polepole.