Kwa nini vipimo vya uangavu vinarukaruka

Mkuu, umeuliza kwa nini vipimo vyenu vya sahani ya Secchi (bamba la duara linaloshushwa majini kwa kamba kupima uangavu wa maji) pale Ziwa Masoko, Rungwe, havilingani wiki hadi wiki. Anza na kamba. Ya nailoni hunyooka ikilowa, kwa hiyo iloweke kwanza ndipo uitie alama kila sentimita 10, na uipime upya kila msimu. Shusha sahani (ya sentimita 20) upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Andika kina inapopotea na inapoonekana tena, kisha chukua wastani. Mpimaji akibadilika, wa zamani na mpya wapime siku moja, maana macho hayafanani.

Sampuli za mwani (vimelea vidogo vya kijani vya majini) zitie Lugoli (dawa ya iodini ya kuzihifadhi) hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, uziweke gizani. Rangi ikipauka ongeza, la sivyo zinaoza na mwaka mzima umepotea.

Na tafadhali msiruke Juni hadi Agosti kwa sababu ya baridi! Ndipo maji ya juu yanapopoa, yakazama na kuchanganyika na ya chini, virutubisho vikapanda na mwani ukabadilika.