Nashona kwa vipimo: je, nahitaji duka la mtandaoni?

SWALI: Tuko mafundi cherehani watatu, tunashona suti na sare za kazi kwa vipimo. Wateja huja kwa kuambiana, sasa nataka tovuti ili na asiyetujua atuone. Kijana mmoja anayetengeneza tovuti anasisitiza duka la mtandaoni lenye kikapu na malipo ya kadi. Mwenzake anasema ukurasa mmoja unatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Kwanza, dada yangu, mkumbuke mteja wako wa mwisho. Alitazama kazi zako, akashika kitambaa, akapimwa, akaacha malipo ya awali, mkapanga siku ya kuja kujaribu. Hakuna alichotoa kwenye rafu akakitia kikapuni. Kikapu ni cha bidhaa iliyo tayari, yenye bei moja na idadi inayojulikana.

Na ile idadi lazima mtu aihesabu kila siku. Niliwahi kumtengenezea muuza viatu duka la mtandaoni. Jozi zikawa zinauzwa kaunta, kwenye tovuti hakuna anayepunguza. Mteja akalipia saizi 42 iliyokwisha wiki mbili nyuma. Fedha alirudishiwa, lakini hakununua tena. Lile kosa nalihesabu langu, kwa sababu sikuuliza mapema nani ataisimamia ile kazi.

Ukurasa mmoja nao utakubana, maana una wateja wa aina mbili. Anayetaka suti ya harusi anataka kuona mkono wako: mpige picha kwa karibu kola, tundu la kifungo, bitana ilivyoshonwa ndani. Msimamizi wa ofisi anayetafuta sare 40 anauliza mengine kabisa: mnapokea kuanzia nguo ngapi, zitachukua siku ngapi, nembo mnadarizi au mnachapa, na mfanyakazi mpya akiajiriwa baadaye atapata kitambaa kilekile? Kila mmoja mpe ukurasa wake. Ongeza ukurasa wa kuwatambulisha ninyi, na fomu fupi ya jina, simu, aina ya nguo na siku inayohitajika. Vipimo usiombe kwenye fomu. Wewe mwenyewe unajua watu wanavyojipima mabega. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa, kwani picha ya simu yenye megabaiti 5 humchosha mteja kabla haijafunguka.

Tovuti ya namna hiyo ikijengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, siku mkianza kuuza tai au mashati yaliyo tayari mtaongeza duka juu yake kwa WooCommerce, nyongeza ya duka ya WordPress, bila kubomoa kitu. Ila WordPress inataka mtu wa kuisasisha mara kwa mara. Kama huna, huduma za kujijengea tovuti mtandaoni kama Wix hujisasisha zenyewe. Unailipia muda wote unaoitumia, na ukitaka kuhama utaijenga tovuti upya. Kwa mafundi watatu wasio na mtu wa kompyuta, mimi ningeanza huko.

Yeyote utakayemchagua, kabla hujamlipa muulize jina la tovuti litasajiliwa kwa nani. Lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, nenosiri ukae nalo wewe. Nimeona biashara ikipoteza jina la miaka sita kwa sababu lilikuwa la fundi wa tovuti, naye akaacha kupokea simu.