Pistoni za turbo kwenye 2JZ ya kawaida: soma kabla hujafungua injini

Wenye Toyota Aristo S300, ile isiyo na turbo, huniuliza swali moja kila mara: si nibadilishe pistoni tu, nifunge turbo, niwe na V300, ile yenye turbo? Ni swali la haki kabisa. Bodi ya gari ni moja. Injini ya S300 ni 2JZ-GE, ya V300 ni 2JZ-GTE, na zote mbili zina silinda ya kipenyo cha milimita 86, pistoni ikisafiri milimita 86. Fundi atakuambia vitu vinaingia, na kweli vinaingia. Shida inaanza ukishawasha.

Tazama kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda. GE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu) ni 10.5 kwa 1, GTE ni 8.5 kwa 1. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kwenye GE ni kama sentimita za ujazo 53, kwenye GTE kama 67. Tofauti haijazi vijiko vitatu vya chai, lakini ndiyo yenye uhai wa injini. Turbo inaleta hewa iliyokwisha kubanwa na kupata moto. Ukiibana tena kwa 10.5, petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati. Ukipanda mlima huku umekanyaga, utasikia injini inagonga. Hapo toa mguu, usiongeze sauti ya redio.

Tulishafungua S300 iliyopachikwa turbo juu ya pistoni zake za kiwandani. Juu pistoni ilikuwa nzima, unaweza kudhani haina kosa. Ukiigeuza ubavu, ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, na kile kipande kimechora silinda kutoka juu hadi chini. Mwenye gari alikuwa analalamika inakula oili tu.

Pistoni za GTE ndani ya bloku ya GE? Hilo linawezekana, ila usilichukulie rahisi. Bloku ya GTE ina vijibomba vidogo chini ya kila silinda vinavyorusha oili tumboni mwa pistoni kuipooza, GE haina. Utahitaji pia njia ya oili kwenda kwenye turbo na ya kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Konrodi za GE ya VVT-i, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba, kwa hiyo pistoni imara juu yake hazikusaidii sana ukitaka presha kubwa ya turbo. Halafu pima uwazi wa ringi upya, maana injini ya turbo ina joto zaidi na ringi zikitanuka mpaka ncha zigusane, zinakwama. Pistoni badilisha zote sita na uzipime uzito. Kuchanganya tatu za huku na tatu za kule ni uhuni, hata kama muuza spea anakuapia.

Kinachoniudhi ni kinyume chake: GTE imeharibu pistoni, mwenyewe anashauriwa aweke za GE kwa kuwa zinapatikana kirahisi. Kama hela haijatosha, bora gari likae.

Kontroli boksi ya GE, yaani kompyuta ya injini, nayo haijapangiwa hewa ya turbo. Petroli itakuwa pungufu pale injini inapoihitaji zaidi. Ukilazimika kubaki na GE yako, weka gasketi nene ya hedi, presha ndogo ya turbo, nozo kubwa za kunyunyiza petroli, na kontroli boksi inayoweza kupangwa na mtu anayejua kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli, si kusikiliza kwa sikio.

Ila ukijumlisha pistoni, kazi ya kuchonga, gasketi, nozo na fundi, mara nyingi umeshakaribia bei ya GTE nzima iliyotumika. Mimi ningeenda huko. Ichukue ikiwa na turbo zake, waya zote zisizokatwa na kontroli boksi yake. Kabla hujalipa, omba wapime kompresheni ya silinda zote sita mbele yako na wakufungulie sampu uangalie kama kuna vyuma chini. Muuzaji akianza kusema gasketi ya sampu itaharibika, mwambie utanunua nyingine.